Mishale ya Wiki ya Sita

Barua ya wito mliyoniacha nayo wiki iliyopita bado ninayo. Nimeikunja mara nne, nimeikunjua mara tano, na maneno yake hayajabadilika.

"Unatakiwa kufika mbele ya Kamati ya Nidhamu saa nne asubuhi, kuhusu tuhuma ya kushirikiana katika mtihani."

Kwa anayeanza kunisoma leo: mimi ni fundi redio, nina miaka arobaini na minne. Umeme nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kimoja kikuukuu kisicho na jalada na kwa kupigwa shoti mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwaka jana nilifaulu mtihani wa watu wazima, nikaingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme, nikakaa dawati moja na watoto wa rika la binti yangu. Wananiita Mjomba.

Nusu ya ada nimesamehewa kwa sababu ya kazi moja. Ninaandika notisi za somo la saketi kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hawezi kuziandika mwenyewe. Jina lake sikuambiwa, na langu hakuambiwa. Nazipeleka ofisi ya msaada kwa wanafunzi, kwa mama mmoja tunayemwita Mama Faili, naye ndiye anayezifikisha. Kanuni ndivyo ilivyo.

Wasomaji wawili watatu wameniandikia: "Mjomba, kama hukuiba mtihani, mbona hutulii?"

Nimezisoma barua zenu taratibu. Sikuiba mtihani, hilo ni kweli. Lakini kuna mambo mawili sikuwaambia, na kutotulia kwangu kunatoka huko.

Jambo la kwanza.

Mhadhiri wa saketi tunamwita Dakika Tano. Kipindi kinaanza saa mbili kamili. Saa mbili na dakika tano anafunga mlango kwa komeo, na baada ya hapo hata mkuu wa chuo akigonga, ataongea na mbao. Siku ya kwanza alituambia, "Umeme haumsubiri mtu. Nami simsubiri mtu." Si mtu mbaya. Anasahihisha kazi zetu zote kwa mkono wake, na anakumbuka nani alikosea nini.

Wiki ya sita nilifika saa mbili na dakika sita.

Mteja alikuwa amenidaka njiani na redio yake kwapani, nikashindwa kumwambia hapana. Sauti yangu ni ndogo, na hapana yangu ni ndogo zaidi.

Mwandishi wa notisi akikosa kipindi anatakiwa kumwambia Mama Faili siku hiyo hiyo, ili atafutwe mtu mwingine wa kuziba pengo. Akikosa mara mbili kwa muhula, kazi anapewa mwingine. Mimi wiki ya tatu nilikuwa nimeshakosa.

Basi sikuondoka. Nilibandika sikio mlangoni, daftari nikaliegemeza ukutani, nikaandika kila nilichosikia. Saa nzima na nusu, nimesimama kama mtu anayepimwa urefu. Mfagiaji alinipita mara tatu. Mara ya tatu akanong'ona, "Mjomba, wanasema nini humo?"

Kila neno nililisikia. Ubao sikuuona.

Na siku hiyo, kati ya siku zote, Dakika Tano alikuwa anachora saketi tano na kufundisha mkondo wa umeme unaelekea wapi. "Mshale uende hivi," nilimsikia akisema. "Hapa uende hivi. Na hapa, msisahau, hivi."

Hivi ndiyo vipi? Nilikuwa na mbao mbele ya uso wangu.

Nikaichora mishale kwa nilivyoijua mimi. Katika kitabu changu kisicho na jalada, mkondo unachorwa ukitoka hasi kwenda chanya. Miaka ishirini nimetengeneza redio kwa mishale hiyo na zimeimba. Sikujua kwamba vitabu vinavyofundishiwa chuoni vimekubaliana kuichora kinyume chake, ikitoka chanya kwenda hasi. Nilichora yote mitano, na kwenye mkia wa kila mshale nikaweka kifundo kidogo, kama ninavyofanya karakana ili nisipoteze mwanzo wake.

Chini ya karatasi kuna mstari wa kujaza: "Nilikuwepo darasani." Nikatia sahihi.

Nje ya mlango si darasani. Nilijua hivyo wakati wino unatoka.

Jambo la pili ni fupi, nalo linaniuma zaidi.

Siku chache baadaye tulifanya mtihani. Asubuhi yake Mama Faili aliniita pembeni. "Kaka, ukimaliza mtihani wako, pita mlango wa mbele. Upande wa Chumba cha Nne usipite kabisa. Kuna mtu anafanyia huko na muda wa ziada, na hatakiwi kusumbuliwa."

Alisema kwa nia njema. Lakini mtu ukimwambia usitazame pale, umeshamwonyesha pa kutazama.

Nilimaliza, nikatoa karatasi, nikatoka. Miguu ikanipeleka Chumba cha Nne. Mlango wake una kioo kidogo, ukubwa wa kitabu. Nikainuka kwa ncha za vidole, nikachungulia.

Alikuwa Malkia.

Darasa zima tulimwita hivyo. Binti wa miaka ishirini na moja, anakaa safu ya nyuma, amekunja mikono ndani ya sweta, haandiki neno hata moja muhula mzima. Dakika Tano aliwahi kumwambia mbele ya watu, "Wewe binti, umekuja kutazama sinema?" Tukacheka. Nilicheka na mimi, kidogo.

Pale ndani sweta lilikuwa limekunjwa hadi viwiko. Kalamu ameizungushia kitambaa, ameishika kwa mikono miwili, na mikono yote miwili inatetemeka. Alikuwa anachora mshale mmoja. Niliuhesabia muda bila kutaka, kama ninavyohesabu redio ikipata moto. Ulimchukua karibu dakika nzima. Nikajua notisi zangu zinakwenda kwa nani.

Msimamizi akaniona kiooni. Nikaondoka haraka.

Sasa mnajua kwa nini niliitwa. Karatasi mbili zenye mishale iliyogeuka namna moja, na mmoja wa wenye karatasi ameonekana kwenye kioo cha mwenziwe.

Siku ya kamati nilifika saa tatu na nusu. Nje ya chumba kuna benchi. Nilikaa, nikasimama, nikasoma tangazo la maktaba, nikakaa, nikasimama. Mama Faili akatokea na mafaili yake kifuani.

"Kaka, kaa basi. Unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa, mama."

"Umekaa wapi? Umesimama."

Nikakaa. Akajisogeza karibu, akashusha sauti.

"Sikiliza. Wakikuuliza mambo yako, sema. Wakikuuliza unamwandikia nani, usijibu. Hata wakikubana. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Si yangu, si ya kamati, na si yako. Akitaka kusema atasema mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Na bahati nzuri humjui. Si ndiyo? Unajua kwamba hujui?"

"Najua kwamba sijui," nikasema.

Akanipiga begani kwa upole, akasema wema wangu utaniokoa. Sikumtazama usoni.

Nikaitwa.

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mtu mzima wa idara ya kemia mwenye miwani ya kamba; katibu mwenye kompyuta, na Dakika Tano. Malkia alikuwa ameshakaa. Sweta, mikono ndani, macho mezani.

"Karibu, mzee, keti," akasema mwenyekiti. "Mhadhiri, mweleze."

Dakika Tano akazilaza karatasi mbili ubavu kwa ubavu.

"Wanafunzi mia na kumi. Mia na wanane wameelekeza mishale huku. Wawili wameelekeza kule. Kukosea si ajabu, ndiyo kazi ya mwanafunzi. Lakini tazama mkiani." Akaweka kidole. "Kifundo. Mshale wa kwanza kifundo, wa pili kifundo, mpaka wa tano. Miaka yote ninayofundisha sijaona mshale wenye kifundo. Leo ninayo kumi."

"Naiona," nikasema.

"Hatuna haja ya kumhoji sana," mwenyekiti akamkatiza. "Mambo yameshajulikana. Binti amekiri asubuhi hii, kwa maandishi. Amemwambia katibu, katibu akaandika." Akasoma: "'Nilinakili majibu. Mwenzangu hakujua lolote. Naomba nihukumiwe peke yangu.'"

Nilimtazama Malkia. Hakuinua kichwa.

"Atarudia somo mwakani, na onyo litawekwa kwenye faili lake," mwenyekiti akaendelea. "Wewe, mzee, uko huru. Tunakuomba radhi kwa usumbufu."

Dakika Tano akaninyooshea mkono. "Nilikushuku bure, Mjomba. Nisamehe. Leo kipindi changu ni saa tano. Usichelewe."

Katibu akacheka. Mwenyekiti naye akatabasamu.

Nikasimama. Nikashukuru. Nikafika mlangoni, nikashika kitasa, na kitasa kikazunguka vizuri kabisa. Kilikuwa kimepakwa mafuta. Ningesukuma tu, na mambo yangu yote yangebaki kama yalivyokuwa: kazi, nusu ya ada, jina langu la Mjomba.

Nikarudi, nikakaa.

"Mzee, tumesema unaweza kwenda."

"Nimesikia, mama. Ndiyo maana nimekaa."

Katibu akaacha kupiga vitufe.

"Hakunakili kwangu," nikasema. "Kosa hilo nililifanya mimi, kwa mkono wangu, kabla ya mtihani. Mimi ni mwandishi wa notisi wa somo hili. Mishale hiyo iko kwenye notisi za wiki ya sita. Na wiki ya sita nilitia sahihi kwamba nilikuwepo darasani, na sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?" akauliza Dakika Tano.

"Nje ya mlango wako. Nilisikiliza. Ubao sikuuona."

"Saa nzima na nusu?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukugonga?"

Sikutaka kumjibu vibaya. Nilitafuta namna ya upole, nikaipata hii tu: "Ungefungua?"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Tuende polepole," akasema. "Notisi hizo ulimpa nani?"

"Nilizipeleka ofisi ya msaada."

"Zikaenda kwa nani?"

Nikatazama kitasa cha mlango.

"Mzee, unanielewa? Ukisema zilikwenda kwa huyu binti, kesi imekwisha. Alisoma makosa yako, akayaandika. Hana hatia. Zilikwenda kwake?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilidhani nitabeba kosa langu peke yangu, nilitue mezani, niondoke. Kumbe lilikuwa limefungwa kwenye jambo la mtu mwingine. Nikisema ndiyo, nimemvua sweta mbele ya watu. Nikisema sijui, anarudia mwaka kwa mishale yangu.

"Siwezi kusema," nikajibu.

"Huwezi au hujui?"

"Anadanganya."

Sote tukageuka. Katika muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti ya Malkia. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

"Sijawahi kusoma notisi za mtu," akasema. "Nilinakili."

"Kutoka wapi?" mwenyekiti akauliza. "Wewe uko ndani, yeye nje."

"Kwenye kioo. Alikuwa ameshika karatasi yake ya kukokotolea. Niliiona."

"Saketi tano? Kwenye kioo cha ukubwa huu?"

"Macho yangu ni mazima," akasema, na neno macho akalikazia.

Mwenyekiti alirudisha miwani, akatutazama mmoja mmoja.

"Nimekaa kiti hiki miaka kumi na moja. Watu wanaokuja humu hugombania kutoka. Ninyi mnagombania kubaki. Mmoja wenu ananidanganya, na sielewi anapata faida gani. Kuna chumba hapo pembeni. Nendeni mkazungumze, dakika kumi, mrudi na neno moja."

Chumba cha pembeni kilikuwa stoo. Viti vya plastiki vimepandana hadi dirishani, mashine ya fotokopi iliyokufa imefunikwa gazeti. Hakukuwa na pa kutembea, lakini nilitembea: hatua mbili kwenda, mbili kurudi.

Malkia akaufunga mlango kwa kiwiko.

"Mjomba, umeniharibia."

"Ningewezaje kuondoka? Kosa ni langu."

"Ungeondoka tu! Mlango ulikuwa wazi. Mimi nilishamaliza. Narudia somo, basi, si kifo."

"Mwaka mzima, binti yangu."

"Mwaka mzima nimeshaupiga hesabu. Muhula ujao tunaingia maabara. Wakijua hali yangu, unadhani Dakika Tano ataniruhusu nishike waya wenye moto? Ataniambia nenda kasome uhasibu. Ndiyo maana nakunja mikono. Wanasema nina maringo. Maringo naweza kuishi nayo."

"Pengine angekuruhusu."

"Pengine!" Akacheka bila furaha. "Wewe fundi. Ungenipa redio yako niifungue?"

Nililifikiria swali hilo kweli, kwa sababu aliliuliza kweli.

"Ningekufungia redio mezani kwa jiliwa, isisogee," nikasema. "Na bisibisi ningeitia mpini mnene. Halafu ningekuachia, nikatafute chai."

Alinitazama kwa muda. Mabega yake yakashuka kidogo, kama mtu aliyepokewa mzigo. Nikafikiri, tumefika. Sasa atakubali, tutarudi, atasema mwenyewe kwa kinywa chake, na mimi nitahukumiwa kwa langu.

Kisha uso wake ukabadilika.

"Ngoja," akasema. "Mimi nimejua leo kwamba ni wewe unayeniandikia. Asubuhi, waliponionyesha karatasi yako. Nilikiona kile kifundo nikajua. Wewe ulijua lini kwamba ni mimi?"

Nikaacha kutembea.

"Siku ya mtihani."

"Na habari ya mikono yangu?"

"Siku hiyo hiyo."

"Kwenye kioo ungeona binti anaandika. Usingejua kwamba notisi zako ni zangu. Kuna mtu alikwambia uje Chumba cha Nne." Alisema polepole, kama anayefuata waya kwa kidole kutoka ukutani. "Ni Mama Faili."

Hakuwa anauliza.

"Ni mtu mmoja tu chuo kizima niliyemweleza habari ya mikono hii. Mmoja. Mama yangu mzazi hajui imefikia wapi. Nilikaa ofisini kwake nikalia, akaniapia. Ni yeye aliyekwambia. Si ndiyo?"

Jibu lilikuwa jepesi. Hapana, binti yangu. Alinikataza nisipite, mimi nikapita. Alinikataza nisitazame, nikapanda kwa ncha za vidole kama mwizi. Maneno kama kumi na tano, na yote nilikuwa nayo mdomoni.

Lakini alikuwa ametoka kunitazama kama mtu mwema. Muda mfupi tu uliopita. Na mimi, mtu wa miaka arobaini na minne, nilitaka aendelee kunitazama vile kwa muda kidogo zaidi.

Sijawahi kumsingizia mtu maishani mwangu. Na siku ile sikumsingizia. Nilinyamaza tu, pumzi moja, mbili, tatu.

"Usinijibu," akasema. "Nimeshaona."

Akashusha kitasa kwa kiwiko, akautupa mlango wazi, akatokea ukumbini nje ya chumba cha kamati. Nilimfuata, nikachelewa.

"Mwenyekiti!" akaita, na sauti ile nzito ikajaa ukumbi mzima. "Nabadilisha maelezo yangu. Siri yangu imeshatolewa, sina cha kuficha tena. Nina malalamiko. Dhidi ya ofisi ya msaada."

Mbali kidogo, kwenye benchi, Mama Faili alisikia ofisi yake ikitajwa. Akakusanya mafaili yake kifuani, akanyanyuka, akaja kwetu upesi upesi huku anatabasamu, akidhani ameitwa kusaidia.